Ukimya wa Vidhibiti: Uhakiki wa Itifaki ya Modbus kwa Kuongozwa na Kanuni ya Ushirikiano ya Grice

Ikisiri

Makala hii inahakiki mawasiliano ya data kati ya vidhibiti vya viwandani na programu za uangalizi kwa kuongozwa na Kanuni ya Ushirikiano ya Grice (1975). Matini inayohakikiwa ni itifaki ya Modbus, ambayo imetumika viwandani tangu 1979. Makala inatumia kaida nne za Grice, yaani kiasi, ubora, uhusiano na namna, kubainisha mahali ambapo mawasiliano hayo hufanikiwa na mahali yanapomwangusha mwendeshaji wa mtambo. Hoja kuu ni kwamba ufanisi wa mawasiliano haya hauwezi kupimwa kwa kasi peke yake. Kipimo kinachofaa zaidi ni umri wa kila namba inayoonekana kwenye skrini, pamoja na uwezo wa mwendeshaji kuutambua umri huo. Hoja hii inathibitishwa kwa mfano wa kukatika kwa umeme huko Marekani na Kanada tarehe 14 Agosti 2003.

1.0 Utangulizi

Katika kiwanda cha kisasa, mtu anayeusimamia mtambo mara nyingi hauoni mtambo wenyewe. Anachokiona ni skrini yenye namba, michoro na rangi. Kati ya jicho lake na vali iliyo uwanjani kuna kihisi kinachopima, kidhibiti kinachokusanya vipimo na kutoa amri, kebo au mtandao unaosafirisha data, na programu ya uangalizi inayoionyesha. Kila hatua huchukua muda, na kila hatua yaweza kukosea. Hata hivyo, namba inapofika kwenye skrini huonekana kana kwamba imetoka kwenye vali sasa hivi.

Itifaki ya Modbus ilichapishwa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon ya Marekani, ambayo kidhibiti chake cha 084 ni miongoni mwa vidhibiti vya mwanzo kabisa vya viwandani vinavyoweza kuprogramiwa. Hadi leo itifaki hiyo inatumika katika mita za umeme, pampu, jenereta na vifaa vya umemejua. Ni itifaki ya wazi na nyepesi, na fundi aweza kuielewa kwa siku chache. Sifa hizo zinaeleza kwa nini imedumu.

Mwendeshaji anapolalamika kwamba skrini yake inachelewa, dawa inayotajwa kwanza huwa ni kasi: kebo bora, mtandao wa haraka, seva yenye nguvu. Makala hii haipingi dawa hiyo. Inachohoji ni dhana iliyo nyuma yake, kwamba mawasiliano ya haraka ndiyo mawasiliano mema. Wanaisimu wamekwisha kuonyesha kwamba mazungumzo ya binadamu hayapimwi kwa wingi wa maneno yanayosemwa kwa dakika. Hakuna sababu ya kuyapima ya mitambo kwa namna hiyo, hasa pale ambapo msikilizaji wa mwisho ni binadamu.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Katika makala yake ya 1975 kuhusu mantiki na mazungumzo, Grice anaeleza kwamba wazungumzaji huongozwa na Kanuni ya Ushirikiano, ambayo hujigawa katika kaida nne. Kaida ya kiasi humtaka mzungumzaji atoe taarifa ya kutosha, isiyopungua wala kuzidi inayohitajika. Kaida ya ubora humtaka asiseme analoamini kuwa si kweli wala asilo na ushahidi nalo. Kaida ya uhusiano humtaka aseme yanayohusu jambo lililopo. Kaida ya namna humtaka awe wazi, aepuke utata na apange maneno yake. Aidha, Grice anaonyesha kwamba msikilizaji huziba mapengo kwa maana dokezwa: huchukulia kuwa mwenzake anashiriki kwa nia njema, kisha hutafsiri hata yale ambayo hayakusemwa.

Pingamizi moja linahitaji kujibiwa mapema. Kidhibiti hakina nia, hakiamini wala hakidanganyi, hivyo yaweza kudaiwa kwamba nadharia ya mazungumzo ya watu haikihusu. Pingamizi hili lina uzito, lakini linasahau kwamba itifaki ni makubaliano ya watu. Mhandisi aliyepanga rejista za kidhibiti anazungumza na mwendeshaji atakayekaa mbele ya skrini miaka kumi baadaye. Wanaoshirikiana ni hao wawili, na mitambo ni chombo chao. Kwa hiyo, kaida za Grice hazitumiki hapa kuihukumu mashine. Zinatumika kuuhukumu usanifu.

3.0 Bwana, Mtumwa na Mteja

Mazungumzo ya Modbus yana umbo moja tu. Upande wa programu ya uangalizi huuliza, na kidhibiti hujibu. Swali hutaja anwani ya kifaa, kazi inayotakiwa, rejista ya kuanzia na idadi ya rejista. Jibu hurudisha namba zilizomo. Kidhibiti hakina ruhusa ya kuanzisha mazungumzo: shinikizo likipanda kupita kiasi sekunde moja baada ya kuulizwa, kitakaa na habari hiyo mpaka zamu yake ifike tena.

Kwa miaka mingi istilahi rasmi za pande hizi zilikuwa bwana na mtumwa. Mwaka 2020 shirika linalosimamia itifaki hiyo liliziondoa na kuweka mteja na seva. Kwa msomaji wa Kiswahili badiliko hilo si dogo. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya kisheria ya utumwa ikafutwa visiwani mwaka 1897. Neno lenyewe bado lina uzito katika masikio ya watu wa pwani. Hata hivyo, uhakiki wa matini haupaswi kuishia kwenye jina. Mtumwa, kwa umbo la neno, ni yule anayetumwa: hutenda akiamriwa na husema akiulizwa. Baada ya 2020 jina limebadilika, lakini uhusiano umebaki ulivyokuwa. Seva ya Modbus bado haisemi mpaka iulizwe. Sehemu kubwa ya matatizo ya ufanisi yanayojadiliwa hapa chini yanatokana na umbo hilo la uhusiano.

4.0 Uchambuzi wa Itifaki kwa Kaida Nne

4.1 Kaida ya Kiasi

Kaida hii ndiyo inayogusa kasi moja kwa moja, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha. Katika Modbus ya kebo ya mfuatano, kila baiti husafiri kama biti 11. Swali la kusoma rejista huchukua baiti 8, na jibu lenye rejista moja huchukua baiti 7. Kabla ya kila ujumbe lazima kuwe na kimya kisichopungua muda wa baiti tatu na nusu. Kwa hiyo swali moja na jibu lake, pamoja na vimya viwili, huchukua muda wa baiti 22, yaani biti 242. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, huo ni muda wa milisekunde 25.2, bila kuhesabu muda ambao kidhibiti hutumia kuandaa jibu.

Programu inayosoma rejista 100 moja baada ya nyingine itahitaji sekunde 2.52. Programu inayoziomba zote 100 kwa swali moja itapokea jibu la baiti 205, na mazungumzo yote yatachukua milisekunde 252. Kebo ni ileile, kidhibiti ni kilekile na namba ni zilezile, lakini muda umepungua mara kumi. Kilichopunguzwa si data. Ni maneno ya utangulizi yaliyokuwa yakirudiwa mara 100. Itifaki inaruhusu hadi rejista 125 katika swali moja la aina hii, hivyo uwezo wa kufanya uungwana huo upo tangu mwanzo. Sharti lake ni kwamba mhandisi wa kidhibiti apange rejista zinazohitajika pamoja zikae pamoja. Akizitawanya na kuacha mapengo ya anwani zisizokuwapo, baadhi ya vifaa vitalikataa swali zima kwa jibu la kosa, na programu italazimika kurudi kwenye maswali madogomadogo.

Upande wa pili wa kaida hii ni kuzidisha. Kuuliza kila sekunde namba isiyobadilika kwa saa nzima ni sawa na kumwuliza jirani jina lake kila anapopita. Itifaki zilizofuata zilijaribu kuliondoa tatizo hili. DNP3, iliyotokea mwaka 1993 na kuenea katika gridi za umeme na huduma za maji, huruhusu kifaa kutuma matukio tu, na hata kuyatuma bila kuulizwa. OPC UA humruhusu mteja kujiandikisha kwa data fulani na kutaja kiwango cha badiliko ambacho chini yake hahitaji kuarifiwa. Katika mifumo hiyo, mtumwa wa awali anaanza kuwa mjumbe.

4.2 Kaida ya Ubora

Jibu la kawaida la Modbus lina namba bila tarehe wala saa. Halisemi kipimo kilichukuliwa lini, wala kama kihisi kilichokitoa ni kizima. Kihisi kikikatika, na kidhibiti kikaendelea kuhifadhi thamani ya mwisho, programu itapokea jibu lililokamilika kwa kila hali: anwani sahihi, urefu sahihi, hesabu ya kukagua makosa sahihi. Ujumbe umefika salama, lakini hauna ushahidi nyuma yake. Kwa kipimo cha Grice, huu ni ukiukaji wa kaida ya ubora uliojengwa ndani ya umbo la ujumbe wenyewe.

Aidha, mpangilio mbaya wa maswali huweza kuzalisha namba ambayo haikuwahi kuwapo. Kihesabio kikubwa hugawanywa katika rejista mbili. Tuseme kimefika 65,535: rejista ya juu ina 0 na ya chini ina 65,535. Hatua moja mbele, ya juu inakuwa 1 na ya chini 0. Programu ikisoma rejista ya chini kabla ya hatua hiyo, na ya juu baada yake, itaunganisha 1 na 65,535 na kuonyesha 131,071. Kidhibiti hakikukosea, kebo haikukosea, na kila jibu peke yake lilikuwa la kweli. Uongo ulizaliwa katikati ya maswali mawili. Hivyo basi, kusoma rejista kwa pamoja ni jambo la ukweli kabla ya kuwa jambo la kasi.

4.3 Kaida ya Uhusiano

Data zote hazina haraka moja. Joto la tangi kubwa la maji hubadilika kwa dakika, shinikizo la pampu hubadilika kwa sekunde, na namba ya utambulisho ya kifaa haibadiliki. Programu inayoziuliza zote kwa mwendo mmoja inaiminya ile iliyo muhimu kwa ajili ya isiyo muhimu. Kuzigawa katika makundi ya haraka, ya wastani na ya mara moja ni njia rahisi ya kuheshimu kaida hii.

Kuna ukiukaji mzito zaidi, nao ni kujibu swali ambalo halikuulizwa. Mwendeshaji anataka kujua kama pampu inazunguka. Programu imeandika amri ya kuwasha kwenye rejista fulani, kisha inaisoma rejista hiyohiyo na kuonyesha rangi ya kijani. Kilichoonyeshwa ni amri, siyo hali. Kosa la aina hii lilichangia ajali ya kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979. Vali ya kupunguza shinikizo ilibaki wazi, lakini taa ya chumba cha udhibiti ilionyesha tu kwamba ishara ya kuifunga imetumwa. Waendeshaji waliamini imefungwa, na maji ya kupoza yakaendelea kupotea kwa zaidi ya saa mbili. Siku hiyohiyo mashine ya kuchapa tahadhari ilizidiwa hadi ikawa nyuma ya matukio kwa zaidi ya saa mbili. Taa ilikuwa na kasi, lakini ilijibu swali jingine. Mashine ya kuchapa ilikuwa na taarifa, lakini ilizisema wakati zimepitwa.

4.4 Kaida ya Namna

Modbus haisemi namba inapimwa kwa kipimo gani. Thamani 235 yaweza kuwa volti 235 au nyuzi 23.5 za joto. Jawabu liko kwenye kijitabu cha mtengenezaji. Vilevile, haiamui kati ya rejista mbili za namba kubwa ni ipi itangulie, na watengenezaji wamefuata desturi tofauti. Kaida hii haigharimu milisekunde yoyote, lakini hugharimu siku za mafundi, na huwatia waendeshaji katika hatari ya kuiamini namba iliyosomwa kinyume.

5.0 Maana Dokezwa ya Ukimya: Ohio, 14 Agosti 2003

Kaida nne hizo zinahusu yanayosemwa. Tukio la Ohio linaonyesha hatari ya yasiyosemwa. Ripoti ya mwisho ya kikosi kazi cha Marekani na Kanada, iliyotolewa Aprili 2004, inaeleza kwamba mfumo wa tahadhari katika chumba cha udhibiti cha kampuni ya umeme ya FirstEnergy uliacha kufanya kazi baada tu ya saa 8:14 mchana kwa saa za huko. Chanzo kilikuwa kasoro katika programu. Seva kuu ikaanguka saa 8:41, na seva ya akiba saa 8:54. Skrini ambazo kwa kawaida hujisasisha kwa sekunde moja hadi tatu zikaweza kuchukua hadi sekunde 59.

Ni muhimu kutenganisha hitilafu mbili hapa. Ya kwanza ni uchelewaji wa skrini. Hiyo ilikuwa kero, lakini ilionekana, na mtu anayeiona kero hujua kwamba kuna tatizo. Ya pili ni ukimya wa tahadhari, nao haukuonekana kabisa. Waendeshaji walikuwa wamezoea kwamba jambo baya likitokea kengele italia. Kengele haikulia, kwa hiyo, kwa maana dokezwa, hakuna baya lililotokea. Hitimisho hilo lilikuwa la kimantiki kabisa, na lilikuwa la uongo. Saa 9:05 alasiri njia ya kwanza ya kilovolti 345 katika eneo lao ilikatika baada ya kugusa mti, na nyingine mbili zikafuata kabla ya saa 9:45. Waliopiga simu kutoka mashirika jirani kueleza wanayoyaona hawakuaminiwa, kwa kuwa skrini hazikusema hivyo. Mafundi wa kompyuta wa kampuni hiyohiyo waliarifiwa kuhusu seva na kuiwasha upya ile kuu, lakini hawakuhakiki na waendeshaji kama tahadhari zimerudi. Kufikia saa 10:13 watu wapatao milioni 50 walikuwa wamepoteza umeme.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Mfumo mzuri wa mawasiliano ni ule unaomwezesha msikilizaji kutofautisha kimya cha amani na kimya cha mauti. Modbus haina ujumbe wa kazi hiyo. Katika OPC UA, mteja aliyejiandikisha hupokea ujumbe mfupi hata pasipokuwa na jipya, na usipofika kwa muda uliokubaliwa hujua kwamba mwenzake hayupo. Kwa mtazamo wa kasi, ujumbe huo ni mzigo usiobeba data yoyote. Kwa mtazamo wa Grice, ndio unaozipa maana jumbe nyingine zote.

6.0 Mjadala

Haitakuwa haki kuhitimisha kwamba itifaki mpya zimemaliza tatizo. Mfumo wa kutuma mabadiliko tu huwa mtulivu siku ya utulivu, lakini siku ya msukosuko mamia ya vipimo hubadilika kwa pamoja, na mtandao hujaa saa ileile unapohitajika kuliko zote. Kiwango cha badiliko kikiwekwa kikubwa mno, uvujaji mdogo wenye maana hautatangazwa. Muhuri wa muda nao hauna faida iwapo saa za vidhibiti hazilingani. Mfumo wa kuuliza kwa zamu, pamoja na uzito wake, una fadhila moja: muda wa mzunguko unaweza kuhesabiwa mapema.

Hata fadhila hiyo huharibika kifaa kimoja kinapozimika. Katika mfano wa awali, vidhibiti 10 vyenye rejista 100 kila kimoja huulizwa kwa sekunde 2.52. Kimoja kikizimika, na programu imepangwa kusubiri sekunde 1 na kujaribu mara 3, mzunguko hufika takriban sekunde 5.27. Kifaa kilichokufa kinatumia muda mwingi kuliko vyote tisa vilivyo hai. Ngojangoja huumiza matumbo: wanaoumia hapa ni wale ambao hawakufanya kosa. Ufumbuzi ni kukiondoa kifaa kisichojibu katika zamu ya kawaida, kukijaribu mara chache, na kumwambia mwendeshaji waziwazi kwamba kimeondolewa.

Sehemu hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa. Programu inayoacha thamani ya mwisho ya kifaa kilichozimika ikae kwenye skrini kwa rangi yake ya kawaida imeboresha mzunguko wake na kumdanganya mwendeshaji kwa wakati mmoja.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhakiki huu umeonyesha kwamba Modbus inaruhusu kaida ya kiasi ikitumiwa kwa uangalifu, inaiacha kaida ya uhusiano mikononi mwa mhandisi, na ina upungufu wa kimuundo katika kaida za ubora na namna. Kuongeza kasi ya mtandao hupunguza athari za upungufu wa kwanza tu. Modbus inayopita kwenye mtandao wa kisasa huleta namba upesi zaidi, lakini bado huileta bila saa, bila hali na bila kipimo.

Kwa kuwa viwanda vingi havitaacha itifaki hii karibuni, mapendekezo manne yanatolewa. Kwanza, rejista zinazosomwa pamoja zipangwe pamoja, na namba kubwa zisigawanywe kati ya maswali mawili. Pili, kila kundi la rejista libebe ndani yake kihesabio kinachoongezeka kila mzunguko wa kidhibiti, saa ya kipimo na alama ya uzima wa vihisi. Hakuna kinachozuia rejista za kawaida kubeba mambo hayo. Tatu, hali halisi ya kifaa isomwe kutoka kwenye kihisi chake, siyo kutoka kwenye rejista ya amri. Nne, skrini ionyeshe umri wa thamani, na ibadilishe sura yake thamani inapopitwa na wakati.

Pendekezo la nne ndilo lenye uzito zaidi, kwa sababu linamhusu mtu. Anayetafuta kuboresha mawasiliano ya kidhibiti na programu ya uangalizi hapaswi kuishia kuuliza ujumbe umefika baada ya milisekunde ngapi. Anapaswa kuuliza kama mwendeshaji, akiitazama namba iliyo mbele yake saa nane za usiku, anaweza kujua ni ya lini na kama bado inafaa kuaminiwa.